Ngozi ya Kusi Baada ya Kunyolewa

Mbwa wangu Kusi alinyolewa Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa Februari, na ilipofika magharibi ya siku hiyo alikuwa hawezi kukaa. Kila alipokunja miguu ya nyuma ili aketi aliruka ghafla kama aliyekalia kaa la moto, akageuza kichwa kuutazama ubavu wake, akazunguka mara mbili tatu, kisha akasimama ameufyata mkia. Nilidhani ni sisimizi. Nilifagia uani, nikamwaga maji, nikamhamishia upande wa pili wa nyumba chini ya mwembe, na huko nako akafanya yale yale. Usiku niliamshwa na sauti ya kujilamba, nzito na ya mfululizo, iliyonifikia kitandani kupitia dirishani, na hata nilipomwita kwa jina hakuacha.

Alfajiri, baada ya swala, nilitoka na tochi ya simu nikamlaza ubavu. Kinenani na kwapani ngozi ilikuwa nyekundu kama iliyopakwa hina, na juu ya wekundu huo palikuwa na mistari myembamba iliyofuatana sambamba, mistari ya meno ya mashine. Tumboni vilikuwa vimemtoka vipele vidogo vidogo. Kwenye paja la kushoto, mahali ulimi wake ulipofika kwa urahisi usiku kucha, palikuwa na kidonda kibichi chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, kinachotoa majimaji na kugandamanisha manyoya yaliyobaki pembeni yake. Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu katika siku mbili zilizofuata karibu kila kitu nilichompaka kilimwongezea maumivu, na vyote nilimpaka kwa mapenzi.

Tunaishi Sahare, mjini Tanga, si mbali na bahari, mimi na mjukuu wangu wa darasa la sita. Kusi ni mbwa jike chotara, mama yake wa kienyeji na baba yake wa ile mbegu ya Kijerumani yenye manyoya marefu, na aliletwa kwangu mwezi Juni, upepo wa kusi ukivuma, ndipo akapata jina. Ndiye mlinzi wetu. Mimi ni Mwislamu, na kama Waislamu wengi wa mwambao huu tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate na majimaji ya mbwa kuwa najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kumfuga mbwa kwa ajili ya ulinzi kunaruhusiwa, na kumhudumia akiumwa ni wajibu wa aliyemfunga getini mwake. Hilo sikuwahi kulitilia shaka, ingawa wapo walioniuliza kwa nini najisumbua.

Sababu ya kumnyoa ilikuwa joto. Anayeijua Tanga ya kaskazi, Januari hadi Machi, anajua jinsi hewa inavyokuwa nzito kiasi kwamba shuka lililoanikwa jioni linaamka na unyevu. Kusi alikuwa anatweta mchana kutwa, ulimi nje, na kupe wameanza kumjaa nyuma ya masikio. Nikamhurumia, nikaona yale manyoya ni koti zito ambalo mimi nisingethubutu kulivaa. Baadaye daktari alinieleza kwamba mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Jasho lake linatoka kwenye nyayo tu, na kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kutweta. Manyoya ya mbwa wa namna ya Kusi yana tabaka mbili, la juu refu na gumu, la chini laini kama sufi, na tabaka hizo zikiwa zimechanwa vizuri huzuia jua lisifike kwenye ngozi. Kinachomtesa ni ile sufi iliyokufa ikabaki imesokotana ndani, kwa sababu haipitishi hewa. Dawa yake ni kitana, kivuli na maji ya kunywa. Nilimwondolea mwavuli nikidhani namvua koti.

Kijana aliyekuja kumnyoa anazunguka mitaani kwetu akiogesha na kunyoa mbwa, ni mpole na wanyama wanamkubali, na simtaji kwa sababu sina ugomvi naye. Alikuja na mashine ya saluni, ile ya kunyolea watu, akaitumia bila kitana chake cha namba, akaanzia mgongoni kuelekea tumboni. Kwa kuwa manyoya yalikuwa mengi, kazi ilichukua zaidi ya saa moja bila mapumziko. Mashine ya kunyolea ina vipande viwili vya chuma vyenye meno. Cha chini kimetulia na cha juu kinakwenda na kurudi juu yake maelfu ya mara kwa dakika moja. Chuma kinachosuguana na chuma hupata moto, na kikikosa mafuta, au kikijaa vumbi na manyoya, moto huo unakuja haraka zaidi. Anayenyoa hahisi, kwa maana mkono wake umeshika plastiki. Anayehisi ni mnyama, naye anapojivuta tunamshika kwa nguvu zaidi tukidhani ni ukaidi. Kusi alijivuta. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa ameshika kichwa, na mimi ndiye niliyemwambia akaze.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwenye mbwa wa manyoya alijue, kwa sababu linawachanganya hata wanyozi. Katika saluni zetu namba ikipanda nywele zinabaki ndefu: namba moja ni fupi, namba tatu ni ndefu kidogo. Kwenye mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa mambo yamegeuzwa: namba ikipanda, manyoya yanabaki mafupi. Meno ya namba 10 huacha takriban milimita moja na nusu, na ya namba 40 hukata karibu na ngozi kabisa, ndiyo yanayotumiwa na madaktari kabla ya upasuaji. Vilevile ukinyoa kinyume cha uelekeo wa manyoya unakata kwa chini zaidi kuliko ukinyoa kwa kuyafuata. Kusi alinyolewa na mashine isiyo na kitana, kinyume cha manyoya, kwenye kinena na makwapa, ambako ngozi ya mbwa ni nyembamba na ina mikunjo inayoingia kwenye meno. Ngozi yake, kama ya mbwa yeyote, ina utando wa juu mwembamba kuliko wetu, wenye tabaka chache zaidi za seli.

Baada ya kunyolewa aliogeshwa kwa sabuni, kisha akamwagiwa dawa ya kuua kupe, ile ile wanayoogeshewa ng'ombe, iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa na jicho. Hilo lilikuwa kosa juu ya kosa. Dawa hizo ni sumu zinazohitaji kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na ngozi iliyochubuka hunywa dawa kuliko ngozi nzima. Kama ni lazima kuua kupe, kuuawa kwao kungeweza kusubiri hadi mikwaruzo ipone, au kungetangulia kunyoa kwa siku kadhaa.

Basi Jumapili asubuhi nikaanza matibabu yangu. Kwanza nilimpaka mafuta ya nazi, ambayo hapa pwani ni jibu la kila ngozi. Kwenye sehemu zilizokuwa kavu hayakumdhuru, lakini kwenye kile kidonda cha paja yaliziba majimaji ndani na kukusanya vumbi, na zaidi ya hayo yalikuwa matamu kwake, akaongeza kulamba. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye mbwa hamgusi lakini humtupia makoko ya wali kila jioni, alisikia akilia, akanipitishia ukutani majani mawili ya mshubiri.

"Mpake, mwanangu," aliniambia. "Huu ndio uliotuponyesha sisi sote."

Niliukata nikapaka. Ute mweupe ulio katikati ya jani la mshubiri unapoza, ni kweli, lakini ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni mchungu na humwendesha tumbo mbwa akiulamba, na mimi sikuutenganisha. Jioni Kusi aliharisha. Sikumwambia jirani, maana alikuwa ametoa alichonacho, na mwenye kosa la kutoondoa utomvu ni mimi.

Jumatatu nikampeleka baharini. Nani kati yetu hakuambiwa utotoni kwamba maji ya bahari hukausha vidonda? Nilimwingiza hadi kifuani, naye alipiga yowe ambalo wavuvi waliokuwa wanasuka nyavu waliinuka kutazama. Nimejifunza hesabu yake tangu hapo. Maji ya chumvi ya kusafishia kidonda, yale yasiyouma kwa kuwa yanakaribiana na maji ya mwilini, yana gramu 9 za chumvi katika lita moja. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35. Yaani nilimmwagia kwenye nyama mbichi maji makali karibu mara nne kuliko yanayofaa, yakiwa na mchanga na kila kinachoelea ufukweni, halafu nikamwacha akaukie juani, ngozi isiyo na manyoya, saa tano mchana.

Namshukuru Mungu kwamba nilikomea hapo. Kabatini nilikuwa na yale mafuta meupe mazito ya watoto wachanga ya kuzuia wekundu wa nepi, na nilikuwa nimeshayashika mkononi. Yana zinki, na zinki ikilambwa kwa wingi huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Nilikuwa pia na dawa ya kuua vijidudu ya rangi ya kahawia, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia majini, ambayo tunaimwagia sakafu, vidonda na kila kitu. Huchoma ngozi iliyojeruhiwa na mbwa huilamba. Na nilifikiria kumvunjia nusu kidonge cha maumivu. Vidonge vyetu vya maumivu si vya mbwa: ibuprofeni humtoboa tumbo na kumwumiza figo, na parasetamoli isiyopimwa na daktari inaweza kumwua.

Jumanne nilitafuta bajaji. Dereva wa kwanza aliomba radhi akaondoka, nami sikumlaumu, kwa kuwa abiria wake wa baadaye wangekalia kiti kile kile na wengine wangekuwa wanakwenda msikitini. Wa pili aliitazama turubai niliyoileta, akanisaidia kuitandika sakafuni hadi juu ya kiti, akasema, "Twende mama, kiumbe anaumwa." Mji wetu ni mji wa ng'ombe wa maziwa, una chuo cha mifugo pale Buhuri, na mabwana mifugo wengi ninaowajua mikono yao imezoea viwele kuliko makucha. Lakini daktari tuliyemwona alimkagua Kusi kwa utulivu ambao nilikuwa sijauona tangu Jumamosi. Hakupaka kitu. Kwanza alimfunga mdomo kwa kitambaa, kwa sababu mbwa mwenye maumivu huweza kumwuma hata anayempenda, akampima joto kwa njia ya haja kubwa, likawa nyuzi 38.7, akaniambia kwamba kwa mbwa hiyo si homa: joto lao la kawaida hufika nyuzi 39 na kitu. Kisha akapitisha vidole mgongoni, polepole, akitazama uso wa Kusi badala ya kutazama ngozi.

Nilimwuliza anatafuta nini, wakati vidonda viko chini. Akaniuliza sabuni ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye chupa ya kijana, sabuni iliyokwisha kuchanganywa na maji, na kwa harufu yake ilikuwa imechanganywa siku nyingi. Daktari alieleza kwamba katika chupa za namna hiyo, hasa zikikaa kwenye joto, huota bakteria wapendao maji, na yule anayeogopwa zaidi anaitwa Pseudomonas. Mnyama anaposuguliwa na sabuni hiyo, na hasa akisuguliwa kinyume cha manyoya, bakteria husukumwa kwenye vishimo ambamo manyoya huota. Siku moja au mbili baadaye huibuka majipu madogo yenye maumivu makali, mara nyingi kwenye mstari wa mgongo, mbwa akapata homa, akakataa kula, akalia akiguswa tu. Ugonjwa huo hautibiwi nyumbani na hausubiri wiki. Unahitaji kupimwa usaha na kupewa kiuavijasumu kinachofaa, na si kila kiuavijasumu kinamwua bakteria huyo. Kusi hakuwa nao. Mgongo wake uliguswa naye akatulia. Lakini nilitoka pale nikiwa nimeelewa tofauti ninayoiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote katika jambo hili. Kuungua kwa mashine huonekana siku hiyo hiyo, mahali mashine ilipopita kwa ukali, na mnyama hubaki na hamu ya kula. Yanayokuja siku ya pili na homa na mgongo unaouma ni mengine.

Kile kidonda cha paja mashine haikukifanya. Mashine ilikwaruza kidogo, mwasho ukaja, ulimi ukafuata, na unyevu wa mate katika hewa yetu isiyokauka ukageuza mkwaruzo kuwa kidonda kwa saa chache. Ndiyo maana daktari aliponiandikia dawa, ya kwanza katika orodha haikuwa dawa: ni kizuizi cha shingoni, kile kinachofanana na faneli, kichwa kikiwa ndani. Hakikuwapo dukani cha ukubwa wake. Tulichukua ndoo ndogo ya plastiki, mjukuu wangu akaikata kitako, tukazungushia ukingo kitambaa cha kanga kuukuu ili usimkate, tukaifunga kwenye ukanda wake wa shingo. Alijigonga kwenye kila mlango kwa siku nzima ya kwanza. Usiku huo, kwa mara ya kwanza, sikusikia ulimi.

Yaliyobaki yalikuwa machache. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi kilicholoweshwa humo na kuwekwa juu ya wekundu dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, bila kusugua. Kidonda cha paja kilipunguziwa manyoya pembeni kwa mkasi, kikasafishwa kwa klorheksidini, dawa ya kuoshea vidonda, iliyozimuliwa sana kama alivyoelekeza daktari, kisha kikaachwa wazi kikauke. Vidonge vya kutuliza mwasho vya siku tano, vilivyopimwa kwa uzito wake wa kilo 27. Hakupewa kiuavijasumu, na nilipokiomba daktari alikataa kwa upole. Mafuta yoyote, marufuku. Jua la mchana, marufuku. Asubuhi kabla ya saa mbili na jioni baada ya saa kumi na moja ndipo alipotoka.

Kwa upande wangu nilitenga nguo, beseni na ndoo vya kazi hiyo peke yake, na nikanunua glavu za mpira, ambazo zilinilinda mimi na najisi na kumlinda yeye na vijidudu vya mikono yangu. Glavu ilipochanika, kama ilivyotokea mara mbili, niliosha mara saba na udongo wa bustanini, nikarudi. Wakati wa kumwekea kitambaa alikuwa akiegemeza ile ndoo kwenye goti langu na kufumba macho. Sikujua mbwa anaweza kuusubiri wakati wa dawa; alikuwa akija mwenyewe mlango wa jikoni adhana ya alasiri ikimalizika.

Siku ya nne wekundu wa kinena ulififia ukawa kahawia. Siku ya saba vigaga vilianza kudondoka, na huo ndio wakati mbaya wa kumwondolea ndoo, kwa kuwa ngozi inayopona huwasha. Niliiacha siku nne zaidi. Nilitaka sana kumwogesha, nikavumilia wiki mbili.

Kijana wa mashine nilimwita mwezi wa Aprili, mvua za masika zikinyesha. Nilimwonyesha picha nilizozipiga kwenye simu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, hakuna aliyewahi kunirudia akanionyesha." Tulizungumza tukiwa barazani hadi mvua ikapungua: kugusisha meno ya mashine kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wake kila baada ya dakika chache, na kama yeye hawezi kuyavumilia asimwekee mnyama, kusimama, kusafisha, kutia mafuta na kuyafuta yaliyozidi, kuacha kinena na makwapa kwa mkasi wenye ncha butu, kuchanganya sabuni ya mbwa mmoja na kumwaga inayobaki. Mbwa wa manyoya mazito asinyoe kabisa hata mwenyewe akisisitiza kama nilivyosisitiza, amchane na kumwambia kwa nini. Alichukua kitana cha Kusi, akakaa naye nusu saa, akatoa sufi iliyojaa mfuko mzima.

Manyoya yamerudi kwa mabaka. Sufi ya chini ilitangulia, yale marefu ya juu yanafuata taratibu, na kiunoni bado anaonekana kama aliyevaa nguo ya mtu mwingine. Kwenye paja la kushoto, pale palipokuwa na kidonda, zamani palikuwa na rangi ya mchanga. Sasa yameota meusi, kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, na mjukuu wangu hupaweka kiganja chake chenye glavu kila jioni ili aone kama bado vinalingana.